Mita Si Yako, Mto Pia Si Wako

Ukitaka kujua stima ya keja yako ni ya nani, uliza mita iko kwa jina la nani. Hapa Umoja, kwa ploti zote tumewahi kuishi, jina lilikuwa la mwenye ploti. Sisi ndio tunanunua tokeni, sisi ndio tunalala giza zikiisha, lakini mita ikikufa Jumamosi usiku lazima utafute mtu ambaye yuko Kitengela na hashiki simu.

Nilikuwa nadhani hiyo ni shida ya mjini tu. Halafu Desemba nikaenda ushago, Murang'a, nikapata anko wangu, binamu ya buda, ameketi nje na faili ya bluu imejaa makaratasi. Anataka kutengeneza stima na mto unaopita chini ya mashamba yetu. Mto uko. Pesa ya kuanza iko, wamechanga na majirani. Fundi yuko. Kile hakuna ni sahihi 4 kati ya 11, na amezitafuta miaka miwili. Nilianza kusoma hii maneno nikidhani nitaandika posti fupi ya kucheka serikali. Nikajipata nimefika 1908.

Lakini kwanza, mbona sahihi 11 kwa mto mdogo hivyo? Stima ya maji inatoka kwa vitu viwili: maji ni mengi aje, na yanaanguka kutoka juu aje. Lita 100 kwa sekunde zikianguka mita 20, ukitoa nguvu inayopotea njiani na kwa mashine, unabaki na kama kilowati 12. Hiyo inatosha taa na TV za kijiji kidogo jioni, na mashine ya posho mchana. Shida ni kwamba mto wa kawaida hauanguki mita 20 mahali pamoja. Kwa hivyo unachepua maji huko juu, unayatembeza kwa mtaro unaoshika ukingo wa kilima, mtaro ukishuka polepole kuliko mto wenyewe. Ukifika mahali mto umeachwa chini sana, unayaachilia kwa paipu hadi kwa mashine. Maji yakimaliza kazi yanarudi mtoni, hakuna hata lita moja imekunywewa.

Sasa kama umewahi kuona Murang'a unajua mashamba ya huko yamekaa aje. Ni vipande virefu vyembamba, kutoka barabara iliyo juu ya mgongo wa kilima hadi mtoni. Mtaro unaokata kando ya kilima unavuka kila kipande. Mtaro wa anko ni mita 700. Hesabu vipande: 11.

Rudi na mimi nyuma.

Mwaka 1908 injinia mmoja mzungu alipewa haki ya pekee ya kuuzia Nairobi stima. Nairobi ilikuwa bado mtoto, mji wa reli na matope. Kampuni ikaanzishwa, na stima yake ikatoka mto Ruiru. Yaani stima ya kwanza ya huu mji ilikuwa stima ya mto, na ilikuwa mradi mdogo, kama wa anko tu ukiongeza pesa. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi ikaungana na ile ya Mombasa zikawa East African Power and Lighting, ambayo ukiifuata jina baada ya jina unafika kwa wale unaowanunulia tokeni leo. Miaka michache baadaye kukajengwa Ndula kwa mto Thika, megawati 2. Halafu Mesco mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndogo zaidi.

Hakuna anayejenga hivyo bila kushika ardhi na maji. Na hapa ndipo kuna kesi moja ambayo nashangaa hatukufundishwa shule, na vile tulikariri tarehe za Berlin.

Mapema miaka ya 1920 watu wa jamii moja walienda kortini kupigania shamba. Inaitwa kesi ya Isaka Wainaina dhidi ya Murito wa Indagara. Kila upande ulikuja na story yake ya nani alinunua kwa nani, mipaka iko wapi, ukoo gani ulikuja kwanza. Jaji Mkuu Barth hakuangukia upande wowote wa hizo story. Alisema sheria ya ardhi ya 1915, pamoja na ile amri ya 1920 iliyofanya Kenya koloni, zilifuta haki zote za Waafrika juu ya ardhi. Ardhi yote ni ya mfalme wa Uingereza. Hao wawili, na kila Mwafrika mwingine, ni wapangaji wa huyo mfalme, na wanakaa kwa hiari yake.

Soma tena hiyo pole pole. Mpangaji wa hiari, yaani mpangaji bila mkataba. Yule anaweza kuambiwa atoke bila sababu na bila notisi. Mzee amezaliwa kwa shamba la guka yake, amezika wazazi wake hapo, na siku moja karatasi ya korti inamwambia yeye ni kama mimi na wewe hapa Umoja, tofauti ni kwamba mwenye ploti wake yuko London.

Mwaka 1929 ikaja sheria ya maji, na maji ya mito yakawa ya serikali pia. Mlowezi aliyetaka kuchepua mto aandikie serikali aombe kibali. Alikuwa na hati ya shamba ya kuambatisha kwa barua, ya miaka 99 chini ya sheria ya 1902 au 999 chini ya ile ya 1915. Mpangaji wa hiari angeambatisha nini?

Sehemu ambayo hii kitu inaonekana vizuri zaidi ni Kericho, na hapa nitakaa kidogo.

Baada ya Vita ya Kwanza serikali ya kikoloni ilichukua ekari kama 25,000 huko Kericho ikawapa maafisa wa jeshi la Uingereza walioumia vitani wapande kitani. Ule mradi ulikufa haraka. Katikati ya miaka ya 1920 wakaingia watu wa chai: Brooke Bond, na African Highlands ya James Finlay. Chai inataka moto na stima kila siku, majani hayangoji. Na Kericho ina mito inashuka kutoka msitu wa Mau mwaka mzima. Kwa hivyo kampuni zikajijengea mitambo ya maji ndani ya mashamba yao. Kwa orodha za serikali za mitambo midogo ya maji, ile miwili ya kwanza ya James Finlay imeandikwa 1934: kilowati 300 na kilowati 400.

1934. Mwaka huohuo serikali ilipitisha sheria ya kuwaondoa Walaibon, ukoo wa Talai, kutoka Kericho. Ilikuwa na jina lao kabisa, sheria nzima ya kufukuza ukoo mmoja. Karibu watu 700, wazee na watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, joto na mbung'o. Walikaa huko hadi karibu na uhuru, na waliporudi hawakuwa na shamba la kurudia.

Sisemi walitolewa juu ya stima. Serikali iliwaogopa kwa sababu ya nguvu zao za kidini na historia ya kupigana nayo tangu enzi za Koitalel huko Nandi. Lakini weka hizo karatasi mbili za 1934 kando kwa kando uone zinasema nini. Kampuni ya kutoka Scotland ina haki imara ya kutosha kuchimba mfereji, kumwaga saruji na kufunga mashine ambayo itachukua miaka mingi kurudisha pesa. Mtu aliyezaliwa hapo hana haki ya kutosha kulala.

Na kampuni zenyewe ni nini? Ni wapangaji! Wako kwa lizi. Hiyo ndio ilinifanya nicheke peke yangu saa nane usiku. Sheria ya Kenya haijawahi kuchukia wapangaji. Mpangaji mwenye lizi ya miaka 999 alitengeneza stima yake, akawasha kiwanda chake, hakuna aliyemsumbua. Katiba ya 2010 ilipunguza lizi za watu wasio raia hadi miaka 99, ikihesabiwa kutoka siku katiba ilipoanza. Piga hesabu, wewe na mimi hatutakuwa. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilisikiliza madai ya watu wa Kericho na Bomet ikapendekeza mashamba ya chai yapimwe upya. Watu wa chai wakakimbia kortini. Mwaka 2023 Finlays wakatangaza wanauzia mashamba yao kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kampuni ikiuzwa, lizi inaenda nayo, na mitambo iliyofungwa kwa hiyo ardhi inaenda na lizi.

Wafanyakazi wa chai wanakaa kwa nyumba za kampuni. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Maskwota wa mashamba ya walowezi walikuwa hivyohivyo, sheria za 1918 na zilizofuata ziliwahesabu kama vibarua, si kama wapangaji, ndio wasidai chochote.

Sasa rudi Murang'a, na uje na Eastlands pia, kwa sababu miaka ya 1950 hizi sehemu mbili zinakutana vibaya sana.

Nairobi ilikuwa inakua na stima haitoshi. Kukajengwa Wanjii, 1952, kwa maji ya Maragua na Mathioya. Tana ikapanuliwa mashine baada ya mashine kati ya 1952 na 1955. Sagana ikaja 1955. Angalia hiyo miaka. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizunguka Nairobi, ile Operesheni Anvil, wakapita Bahati, Makongeni, Kaloleni, Pumwani, nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kambini. Mwaka huohuo watu wa Murang'a walianza kutolewa kwa maboma yao wakasongamanishwa kwa vijiji vyenye mitaro na miiba. (Ofafa na Mbotela, mitaa ya hapa kwetu, zimeitwa majina ya madiwani wawili waliouawa wakati huo. Watu wanapita hapo na mat kila siku.)

Kwa hivyo shosho yangu alikuwa amefungiwa kijijini, guka yangu alikuwa amechukuliwa kutoka Bahati, na mto wa huko kwao ulikuwa unawashia taa Nairobi. Stima ilipita juu ya vichwa vyao kwa nyaya, ikashukia viwandani na kwa mitaa ya wazungu.

Na wakati huohuo, watu wakiwa kambini, serikali ilianza kupima mashamba. Zile ngambo zilizotawanyika zikaunganishwa, kila familia ikapewa kipande kimoja, barabara hadi mto, na baadaye hati. Hapo ndipo vile vipande 11 vya anko vilizaliwa. Murang'a hiyo kazi ilivurugika hadi ikabidi irudiwe. Aliyekuwa kizuizini hakuwa hapo kusema mpaka wake ni upi. Faida ni kwamba mpangaji wa hiari wa mfalme aligeuka kuwa mwenye shamba mwenye karatasi. Hasara ni kwamba karatasi ina jina la mtu mmoja, kawaida mwanaume, na mtu hufa.

Kuna waliofaulu, usidhani haiwezekani. Kijiji cha Mbuiru, upande wa Chuka, kilitengeneza mradi wa Tungu-Kabiri mwaka 2000 hivi, kilowati 18. Kama watu 200 walinunua hisa, wakachagua kamati ya watu 10, na kila Jumanne wakatoka kuchimba wenyewe. Shirika la kigeni na Wizara ya Nishati waliwashika mkono. Lakini angalia stima ilienda wapi: kwa kituo kimoja cha biashara, mahali pa kuchomelea vyuma, kuchaji betri, kinyozi na saluni. Kuisambaza hadi boma la kila mtu ni maneno mengine, ya nguzo na leseni. Halafu kuna viwanda vya chai vya wakulima wadogo. Imenti, kule Meru, ina mtambo wa karibu megawati 0.9 na huuzia gridi stima inayobaki. Hapo wakulima wako ndani ya kampuni, kampuni ina mawakili, na mawakili wanajua mlango wa kila ofisi.

Anko hana wakili. Ana faili.

Hivi ndivyo mambo yamekaa leo kwa mtu kama yeye. Mto, kwa katiba, ni ardhi ya umma. Maji yako chini ya serikali, na Sheria ya Maji ya 2016 inataka uchukue kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla uchepue chochote, hata kama unarudisha yote. Stima yenyewe, Sheria ya Nishati ya 2019 inasema ukitengeneza ya kutumia mwenyewe, isiyozidi megawati 1, huhitaji leseni. Ukianza kuuzia majirani umekuwa kampuni ya stima, nenda EPRA. Hizi ofisi mbili watu hulalamika sana juu yao, na mimi pia nilikuja nikiwa tayari kulalamika. Lakini anko anasema hapo alijua angalau afanye nini: fomu, ada, kungoja.

Kile kimemshinda ni ardhi. Mtaro ukipita kwa shamba la mtu unahitaji haki ya kupita, na ukitaka iwe na maana unaiandikisha kwa rejista ya ardhi, ndio hata shamba likiuzwa kesho mnunuzi mpya asije na jembe kuuziba. Neno la mdomo halitoshi. Mtu hawezi weka mashine ya milioni kadhaa mwisho wa mtaro ambao jirani anaweza kuufunga akikasirika juu ya mbuzi. Na wa kusaini lazima awe yule ambaye jina lake liko kwa hati.

Saba walisaini. Hawa wanne sasa.

Wa kwanza ni mzee aliyekufa 1994. Hati bado ina jina lake. Watoto hawajawahi kufungua kesi ya urithi kwa sababu wanaogopa kugawana, kila mtu analima pale alipozoea. Kisheria hakuna mtu hapo anaweza kusaini kitu.

Wa pili alinunua shamba lake zaidi ya miaka 10 iliyopita, amejenga nyumba ya mawe, ana makubaliano yaliyoandikwa mbele ya chifu. Hawakuenda kwa bodi ya ardhi. Sheria ya 1967 inasema shamba la kilimo likiuzwa au kukodishwa bila idhini ya bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6, hiyo biashara ni batili. Jina kwa hati ni la muuzaji. Muuzaji alihama zamani.

Wa tatu ni mpangaji. Jamaa anakodi kile kipande, anapanda nduma kule chini kwa maji, analipa kila mwaka kwa M-Pesa, hakuna karatasi. Yeye ndiye anataka stima kuliko wote, alichimba sehemu yake ya mtaro kabla hata aulizwe. Lakini sahihi yake haina uzito. Na hata angejenga banda la mashine hapo kwa pesa yake, kilichofungwa ardhini kinafuata ardhi, isipokuwa muwe na mkataba unaosema vingine. Mwenye shamba yuko wapi? Kayole. Anapanga chumba kimoja Kayole. Hapokei simu ya anko kwa sababu anadhani kuna mtu anataka kumnyang'anya shamba. Kwa hii historia yote nimesoma, siwezi mlaumu.

Hapo ndipo nilianza kuona vile mambo yamepinduka. Nilikuja nikitafuta mkoloni na kampuni, na nimewapata. Lakini leo mpangaji wa ushago amezuiliwa na mpangaji wa Eastlands. Yule anayelalamika mwenye ploti hashiki simu, ndiye mwenye ploti asiyeshika simu. Ni wangapi hapa mnasoma hii mna kipande huko nyumbani ambacho mtu amekodishwa, na hati iko kwa jina la guka, na hakuna anayeongelea hiyo maneno hadi kuwe na matanga?

Wa nne ni sisi. Kipande cha mwisho, pale ambapo paipu ingeshuka kwa mashine, ni cha guka yangu. Alitoka kizuizini, akapata hati, akafa mimi nikiwa darasa la pili. Buda na ndugu zake watatu hawaongei tangu ile harusi. Faili ya urithi haijafunguliwa. Anko hakuwahi kuniambia moja kwa moja, alinionyesha tu ile karatasi na kidole chake kikakaa pale kwa jina letu.

Nilirudi Nairobi na kopi. Buda aliiweka juu ya friji, chini ya ile chupa ya dawa. Jumapili iliyopita stima ilipotea mtaa mzima, tukakaa na mshumaa, nikamuuliza kama ameisoma. Akasema ameisoma. Akaniuliza kama bado nina namba ya dadake mkubwa, kwa sababu yeye aliifuta.